Utando wa Mafuta Unaonasa Metali katika Maji Machafu: Maelezo kwa Vyama vya Bonde la Kilombero

Makatibu na wanachama wa vyama vya msingi katika Bonde la Kilombero wamezoea kuyapima maji kwa macho na kwa pua. Maji yenye tope huonekana, yenye mafuta hung'aa juu, na yaliyobeba makapi ya mazao hunuka. Lakini upo uchafu usioonekana wala kunuka, nao ni metali zilizoyeyuka: shaba, zinki, risasi, kromu, kadimi na nyinginezo. Bilauri ya maji yenye risasi ya kutosha kudhuru ubongo wa mtoto yaweza kuwa nyeupe kama maji yatiririkayo kutoka milima ya Udzungwa. Uchafu huu hauozi, hauuawi kwa kuchemshwa, wala hauchujiki kwa kitambaa.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kitaalamu ya kuziondoa metali hizo katika maji machafu ya viwanda, yaani njia ya utando wa kimiminika. Tunaieleza kwa sababu vyama vingi vya ushirika vinatamani kutoka katika kuuza mazao ghafi na kuingia katika kusindika, kutengeneza ngozi, kufungua karakana na kuhudumia betri za umeme wa jua. Chama kinachoanzisha kazi ya namna hiyo kitaletewa, siku moja, mapendekezo ya mtambo wa kusafisha maji. Wanachama watakaonyosha mikono katika mkutano mkuu hawana budi kuelewa wanachokinunua, na zaidi ya hapo, kuelewa ni jambo gani ambalo mtambo hauwezi kuwafanyia.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mto Kilombero hukusanya maji ya mito mingi ishukayo kutoka nyanda za juu, miongoni mwake Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi. Maji hayo hutandaa bondeni wakati wa mafuriko, hulisha mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, kisha hukutana na Mto Luwegu na kuwa Mto Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko wa Kilombero, wenye ukubwa wa hekta 796,735, uliandikishwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Aidha, tangu mwaka 2024 maji hayo huzungusha mitambo ya umeme katika Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji.

Kwa hiyo kinachomwagwa katika mfereji wa Ifakara au Mlimba hakiishii hapo. Metali ikiingia mtoni, sehemu yake hushikamana na udongo mwembamba, hutua mahali maji yanapopunguza mwendo, na kukaa. Mahali maji yanapopunguza mwendo ni majaruba, madimbwi ya samaki na mabwawa. Basi metali hutua hasa pale ambapo riziki yetu inatoka.

Wakulima wa mpunga wa Japani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika Mkoa wa Toyama, kadimi kutoka mgodi wa Kamioka ilishuka na maji ya Mto Jinzu na kuingia katika mashamba ya mpunga yaliyomwagiliwa kwa maji hayo. Mpunga uliinyonya kadimi, watu wakala wali, na wengi, hasa wanawake wenye umri mkubwa, wakapata ugonjwa wa figo na wa mifupa kuwa laini hata kuvunjika kwa kukohoa tu. Mwaka 1968 Serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba ugonjwa huo ulisababishwa na kadimi. Kazi ya kurudisha udongo salama katika mashamba ilianza mwaka 1979 na ikamalizika mwaka 2012. Metali ambayo ingezuiwa mgodini ilipokuwa katika maji machache ilihitaji zaidi ya miaka 30 ya kazi ilipokwisha kutawanyika majarubani.

Katika bonde letu hatuna mgodi wa namna hiyo. Lakini tunazo betri chakavu, tunazo dawa za shaba zinyunyiziwazo mimea, zipo karakana, na katika milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto, vito huchimbwa na madini ya kinywe yametafitiwa. Huu ndio wakati mwafaka wa kujifunza, kabla ya hitaji kuwa dharura.

METALI ILIYOYEYUKA NI KITU GANI

Chukua chumvi kijiko kimoja ukitie katika maji na kukoroga. Chumvi hutoweka machoni, lakini ulimi huiona. Chembe zake zimeachana na kutawanyika, kila moja ikiwa na chaji ndogo ya umeme. Chembe yenye chaji ya namna hiyo huitwa ayoni. Metali nazo huyeyuka hivyo hivyo. Mrututu ni mfano tunaoujua: ni chumvi ya shaba na tindikali ya salfa. Ukiutia katika kikombe cha maji, rangi ya buluu huonekana wazi. Ukikimimina kikombe hicho katika pipa, rangi hufifia hata isionekane, ilhali shaba yote ingali ndani ya pipa.

Hapa pana fundisho la kwanza. Kuzimua si kusafisha. Kiasi cha metali hakipungui kwa kuongeza maji. Kinachopungua ni uwezo wetu wa kukiona na kukikamata.

Fundisho la pili linahusu vipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 0.01 katika lita moja. Maana yake, gramu moja ya risasi iliyoyeyuka yatosha kufikisha lita 100,000 za maji safi katika kikomo hicho. Kwa shaba, kiwango cha maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita, kwa kuwa mwili wa mtu huhitaji shaba kidogo na huivumilia. Lakini samaki si mtu. Matamvua yake huguswa na maji usiku na mchana, na aina nyingi za samaki hudhurika kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Kwa hiyo maji yanayokubalika kwa mtu kunywa yaweza kuwa sumu kwa perege na kambale.

UTANDO WA KIMIMINIKA HUFANYAJE KAZI

Utando ni kitu chembamba kinachotenganisha pande mbili na kuchagua kipi kipite na kipi kibaki. Ngozi ya ndani ya yai ni utando. Kwa kawaida tunaufikiria utando kuwa kitu kigumu kama karatasi, lakini hata tabaka jembamba la mafuta laweza kuwa utando, maadamu limekaa kati ya maji ya upande huu na maji ya upande ule. Maji na mafuta havichanganyiki, na ayoni ya metali, kwa sababu ya chaji yake ya umeme, haiwezi kuingia katika mafuta kwa nguvu zake yenyewe.

Ndipo anapohitajika mchukuzi. Mchukuzi ni kemikali inayoyeyuka katika mafuta lakini haiyeyuki katika maji, nayo ina tabia ya kuishika metali fulani na kuiachilia penye tindikali kali.

Kabla ya daraja la Mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, wasafiri kati ya Ifakara na Ulanga walivuka kwa kivuko na mitumbwi. Tufikiri kwamba mto huo ni tabaka la mafuta. Ng'ambo ya kwanza yapo maji machafu yenye shaba, na ng'ambo ya pili ipo tindikali kali, ambayo ndani yake zimejaa ayoni za haidrojeni. Shaba haijui kuogelea katika mafuta. Yahitaji mtumbwi, na mtumbwi ni mchukuzi. Nahodha wa mtumbwi huu ana sharti moja: havuki mtupu. Akimpakia abiria mmoja wa shaba ng'ambo ya kwanza, huwashusha hapo abiria wawili wa haidrojeni. Akifika ng'ambo ya pili, humshusha shaba na kuwapakia wawili wengine wa haidrojeni, kisha hurudi. Safari huendelea hivyo mfululizo.

Mfano huu unatueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la ajabu. Kwa kawaida kitu hutoka mahali kilipo kingi kwenda mahali kilipo kichache, kama harufu ya mchuzi itokayo jikoni kuenea nyumba nzima. Hapa shaba hutoka ilipo chache na kwenda kurundikana ilipo nyingi. Nguvu ya kuisukuma hutoka kwa haidrojeni, ambayo ni tele upande wa tindikali na haba upande wa maji machafu. Haidrojeni hutaka kuvuka kuja huku, na kwa kuwa mtumbwi hauendi mtupu, kila kuvuka kwake huivuta shaba kwenda kule. Kwa hiyo gharama ya kazi hii hulipwa kwa tindikali. Tindikali ikiisha nguvu, mitumbwi hukwama.

HATUA NNE KIWANDANI

Ili shaba ivuke upesi, tabaka la mafuta liwe jembamba na eneo la kugusana liwe kubwa. Wataalamu hulipata jambo hilo kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, kutengeneza maziwa ya mafuta. Tindikali hukorogwa kwa kasi kubwa sana ndani ya mafuta, ambayo aghalabu ni aina ya mafuta ya taa yaliyosafishwa, yakiwa na mchukuzi pamoja na kemikali ya jamii ya sabuni. Tindikali hukatika vijitone vidogo sana, vya kipimo cha elfu za milimita, kila kimoja kikiwa kimevikwa mafuta. Mchanganyiko huwa mweupe na mzito kama maziwa. Maziwa ya ng'ombe nayo yameundwa hivyo, ila ndani yake mafuta ndiyo vijitone na maji ndiyo yanayoyazunguka.

Pili, kuyatawanya maziwa hayo katika maji machafu kwa mkorogo wa taratibu. Huwa matone makubwa kiasi, kila tone likibeba vijitone vingi vya tindikali tumboni. Katika dakika chache metali huvuka ngozi ya mafuta na kufungwa ndani.

Tatu, kutulia. Mkorogo husimamishwa, maziwa huelea juu kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, na maji yaliyopungukiwa na metali hutolewa chini.

Nne, kuyavunja maziwa. Kwa umeme wa nguvu kubwa au kwa joto, vijitone huungana na kujitenga na mafuta. Mafuta pamoja na mchukuzi wake hurudishwa hatua ya kwanza. Tindikali iliyojaa metali huuzwa, hurudishwa kiwandani, au hupelekwa kutolewa metali yake.

Ipo pia namna ya pili, ambamo mafuta hulowekwa katika karatasi ya plastiki yenye vitundu vidogo. Maji machafu hupita upande mmoja na tindikali upande wa pili. Namna hii haihitaji maziwa wala sabuni, lakini mafuta huvuja kidogo kidogo kutoka vitunduni hata karatasi ikahitaji kulowekwa upya.

HESABU YA MFANO

Katibu wa chama apenda kuona hesabu. Tuseme karakana ina lita 10,000 za maji yenye miligramu 200 za shaba kwa lita. Jumla ya shaba ni kilo 2. Tuseme utando umeishusha hadi miligramu 2 kwa lita. Gramu 20 zimebaki majini, na kilo 1.98 zimevuka. Ikiwa tindikali ya ndani ilikuwa lita 100 tu, basi sasa ina karibu gramu 20 za shaba katika kila lita. Shaba iliyokuwa imetawanyika katika matangi makubwa imekusanywa ndani ya pipa dogo, mara 100 kwa ukali.

Lakini daftari lina kurasa mbili. Kwa kila kilo 1.98 za shaba iliyovuka, haidrojeni iliyorudi ni sawa na ile iliyomo katika kilo 3 hivi za tindikali ya salfa. Haidrojeni hiyo imeingia katika zile lita 10,000, nazo sasa ni maji ya tindikali yasiyofaa kumwagwa mtoni. Kuyatuliza kutahitaji takriban kilo 2.3 za chokaa iliyozimwa. Mtu atakayewaambia wanachama kwamba maji hutoka katika utando yakiwa tayari kwa mto, bila hatua nyingine, hajaufungua ukurasa wa pili.

NJIA HII IMETUMIKA WAPI

Utando wa maziwa ya mafuta ulibuniwa na Norman Li, mtafiti wa kampuni ya mafuta ya Esso nchini Marekani, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Katika miaka ya 1980, Profesa Rolf Marr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Graz waliiendeleza, na mwaka 1986 mtambo mkubwa ulianza kazi katika kiwanda cha nyuzi cha Lenzing, Austria. Kiwanda hicho hutengeneza nyuzi za nguo kutokana na mti, na katika kazi hiyo hutumia zinki, ambayo ilikuwa ikitoka na maji machafu. Utando uliinasa zinki ikarudishwa kazini. Tuangalie sababu za kufaulu kwake: metali ilikuwa moja, maji yalikuwa ya aina moja siku zote, kiwanda kilikuwa na mahitaji ya zinki ile ile, na wahandisi walikuwapo.

Karibu na kwetu, mfano wenye mafundisho uko Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu mwaka 1956 hadi 1982. Mabaki yake yenye kobalti, chuma na salfa, kiasi cha tani milioni moja hivi, yalirundikwa Kasese. Mvua ilipoyanyeshea, hewa na maji viliyageuza kuwa tindikali, nayo ikayeyusha metali na kuzishusha kuelekea Ziwa George. Ziwa hilo liliandikishwa mwaka 1988 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Uganda katika orodha ya Ramsar, orodha ile ile ambamo bonde letu limo. Njia ya maji yale ilibaki kovu tupu lisiloota majani.

Mwaka 1999 kampuni ya kobalti ya Kasese ilianza kulisindika rundo hilo. Vijidudu vilitumika kuyayeyusha mabaki ndani ya matangi, kisha metali zikatenganishwa kwa mafuta yenye wachukuzi wa kuchagua. Njia hiyo siyo utando wa kimiminika, bali ni ndugu yake mkubwa: mafuta huchanganywa na maji yenye metali katika tangi moja, kisha hupelekwa tangi la pili kushusha mzigo katika tindikali. Wachukuzi ni wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba utando hupakia na kushusha kwa wakati mmoja, na huhitaji mafuta machache zaidi. Kasese imetuonyesha kwamba kazi ya namna hii yawezekana Afrika Mashariki. Imetuonyesha pia kwamba metali iliyokwisha kushuka bondeni haikurudi. Iliyosindikwa ni ile tu iliyokuwa ingali katika rundo.

MIPAKA YA NJIA HII

Kwanza, utando hunasa ayoni tu. Tope la risasi lililo chini ya betri, unga wa metali, na zebaki inayopotea kama matone au mvuke katika uchimbaji mdogo wa dhahabu si ayoni majini, na utando hauna habari nazo.

Pili, kila metali yahitaji mchukuzi wake. Mchukuzi wa shaba si lazima amshike risasi. Maji yenye metali nyingi kwa pamoja yana matatizo mengi kwa pamoja.

Tatu, maziwa ya mafuta ni kitu cha kudekezwa. Yakikorogwa mno hupasuka na kumwaga tindikali na metali katika maji yaliyokuwa yakisafishwa. Yakikaa mno hunyonya maji na kuvimba. Tope na sabuni za kufulia huyaharibu.

Nne, mafuta kidogo hubaki katika maji. Bila mtego wa mafuta, chama kitaondoa shaba na kupeleka mafuta ya taa mtoni, jambo ambalo samaki hawatalishukuru.

Tano, utando haufai kwa mto, kisima wala mfereji wa jaruba. Unafaa kwa maji machache yenye metali nyingi. Kadhalika haufai kwa maji ya kiwanda cha sukari au mashine ya kusindika chakula, kwa kuwa uchafu wa maji hayo hasa ni wa kuoza, na tiba yake ni mabwawa na vijidudu.

Kwa karakana nyingi ndogo, tiba ya kwanza ni chokaa. Chokaa ikipunguza ukali wa tindikali na kuyafanya maji kuwa magadi kidogo, metali nyingi hugeuka tope na kutua. Ni njia rahisi, yenye vifaa vinavyopatikana. Udhaifu wake ni lile tope, ambalo halina budi kukusanywa na kuhifadhiwa mahali pasipofikiwa na maji ya mafuriko. Katika kutengeneza ngozi, tope la kromu laweza kuyeyushwa tena kwa tindikali ya salfa na kutumika upya. Utando hustahili kufikiriwa pale tu ambapo metali ina thamani, maji ni ya aina moja, na kazi ni ya kila siku.

WAJIBU WA VYAMA VYETU

Njia zote hizi, ya bei rahisi na ya bei ghali, zina sharti moja la pamoja: metali ikamatwe ilipo nyingi katika maji machache. Sharti hilo halihitaji mtambo. Lahitaji utaratibu, nao uko ndani ya uwezo wa kila chama cha msingi.

1. Betri chakavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Betri isipasuliwe kijijini, na maji yake ya tindikali yasimwagwe. Chama kiweke mahali pamoja pa kukusanyia, penye sakafu na paa, betri zikae wima, na ziuzwe zikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

2. Dawa za shaba. Wakulima wa kakao na mboga wapime dawa kwa kadiri ya shamba ili isibaki. Maji ya kusuuzia bomba yanyunyiziwe shambani humo humo. Yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

3. Karakana na usindikaji. Maji yenye metali yawe na mfereji wake peke yake tangu siku ya kwanza. Yakichanganywa na maji ya mvua na ya vyoo, hakuna njia itakayoyatenganisha kwa gharama ya kadiri.

4. Vibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari za mradi zitathminiwe kabla ya ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali cha kumwaga maji machafu, na kwa bonde letu maombi hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Katibu aziweke karatasi hizo katika jalada la mradi.

5. Upimaji. Kabla mradi haujaanza, chama kichukue sampuli za maji juu na chini ya mahali pa mradi, zipimwe na maabara inayotambuliwa, kama vile Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chupa ziombwe maabara, ziandikwe mahali, tarehe na saa. Asiye na kipimo cha kabla hana hoja ya baada.

MASWALI YA KUMWULIZA MWENYE MTAMBO

Endapo mfanyabiashara au mfadhili ataleta mtambo wa utando, Halmashauri ya Chama impe maswali haya na kutaka majibu kwa maandishi:

(a) Ni metali gani inayonaswa, na maji yetu wenyewe yamepimwa?
(b) Kiasi gani kinaingia na kiasi gani kinabaki, kwa miligramu katika lita?
(c) Tindikali iliyojaa metali inakwenda wapi, na nani anainunua?
(d) Maji yanayotoka yanatulizwa kwa nini, na mafuta yake yanakamatwa vipi?
(e) Mchukuzi na sabuni vinapatikana wapi hapa nchini, na kwa bei gani kwa mwezi?
(f) Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, nini hutokea?
(g) Nani kati ya watu wetu atafundishwa kuuendesha, kwa muda gani, na akiondoka nani anashika nafasi yake?

Mtambo ambao mwenyewe hawezi kujibu swali la (c) usinunuliwe, kwa kuwa metali haitoweki. Ikiwa haimo tena katika maji, imo katika pipa. Na pipa lisilo na mnunuzi wala mahali pa kuhifadhiwa litamwagwa usiku wa manane, likiwa kali mara 100 kuliko maji yaliyosafishwa.

Ndugu wanachama, elimu ya utando wa kimiminika ni elimu nzuri, na vijana wetu walio vyuoni waifuate. Lakini kazi iliyo mbele ya kila chama leo ni ndogo na ya hakika: kujua ni metali gani inaingia katika eneo lake, kuizuia isikutane na maji mengi, na kuandika. Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika mkutano ujao wa wanachama, na kuteua watu wawili wa kuorodhesha betri, dawa za shaba na karakana zilizomo katika eneo la chama. Orodha hiyo iwekwe katika jalada la chama, na nakala yake iletwe katika ofisi ya Muungano kabla ya mvua za masika, wakati mito inapopanda na kubeba kila kilichoachwa kando yake.